Jifunze Gofu kwa Miguu: Ushauri kwa Wachezaji wa Garissa

Mcheza gofu anayeishi Garissa, awe mwalimu, muuguzi, afisa wa kaunti au askari, mara nyingi hucheza pale tu anapopata safari. Huvuka daraja la Mto Tana, akapita Madogo, Bangale, Ukasi, Mwingi na Matuu, na baada ya zaidi ya kilomita 300 akafika Thika, penye uwanja wa mashimo 18 wa Thika Sports Club. Nairobi na viwanja vyake iko mbele kidogo. Mtu huyu amekaa wiki nyingi bila kugusa mpira. Akifika tii ya kwanza anashika draiva na kutaka kumaliza hamu yote kwa pigo moja. Mabega yanakaza, kifua kinatangulia, mikono inakimbia, na miguu imesahauliwa pale iliposimama. Mpira unaishia vichakani upande wa kulia, na mchezo unaanza kwa kutafuta.

Ushauri wangu kwake ni kwamba asiuache muda anaokaa Garissa upotee kwa kungoja safari. Autumie kufundisha miguu yake, na aifundishie mchangani. Kazi ya miguu ndiyo sehemu ya gofu isiyohitaji nyasi, bendera wala hata mpira. Tena ndiyo inayoharibika mapema kuliko nyingine zote mchezaji anapokaa bila mazoezi, kwa sababu hakuna anayeitazama. Uwanjani watu hutazama mpira umekwenda wapi. Kwenye nyasi fupi wayo hauachi alama ya kukueleza ulichofanya, lakini kwenye mchanga kila kosa hubaki limeandikwa, nawe unaweza kuinama ukalisoma.

Kusoma nyayo si jambo la kufundishwa mtu wa Kaskazini Mashariki. Mfugaji anayemtafuta ngamia aliyepotea hutazama alama ardhini akajua mnyama ameelekea wapi, amepita muda gani, na kama anachechemea. Jicho hilohilo ndilo ninalokuomba ulielekeze kwenye nyayo zako mwenyewe.

Anayedhani kwamba mchanga ni kikwazo amkumbuke Seve Ballesteros. Alizaliwa mwaka 1957 Pedreña, kijiji cha pwani ya kaskazini ya Uhispania, na utotoni alijifunza kupiga mpira ufukweni kwa fimbo moja tu, ya chuma namba 3. Mwaka 1978 alikuja Nairobi akatwaa Kenya Open, mashindano yaliyoanzishwa mwaka 1967, na mwaka uliofuata akashinda The Open ya Uingereza. Mchanga peke yake haukumfanya bingwa. Lakini mtoto aliyezoea kusimama imara juu ya ardhi inayomkimbia chini ya nyayo hakuwa na la kuhofia aliposimama juu ya nyasi.

Tuanze na sababu yenyewe. Fimbo hushikwa na mikono, lakini nguvu hutoka ardhini. Keti kwenye kiti, inua miguu isiguse chini, kisha rusha kijiwe. Sasa simama urushe tena. Umbali ulioongezeka ni kazi ya miguu kusukuma ardhi, nyonga kugeuka na mgongo kufuata. Pigo la gofu hujengwa kwa mpangilio huohuo: miguu, magoti, nyonga, kiwiliwili, mikono, na mwisho kabisa fimbo. Watafiti wa mchezo huu humsimamisha mchezaji juu ya sahani zinazopima mgandamizo wa kila wayo. Wanachokiona kwa wachezaji hodari ni kwamba mgandamizo huhamia mguu wa kulia mapema fimbo inapovutwa nyuma, kisha huanza kurudi mguu wa kushoto kabla fimbo haijafika juu. Miguu imekwisha kuanza safari ya mbele wakati mikono bado inamalizia safari ya nyuma. Mchezaji wa kawaida hungoja fimbo ifike juu kabisa, halafu huishusha kwa mabega. Uzito unabaki nyuma, na fimbo ama hulima ardhi kabla ya mpira ama hupiga kichwa cha mpira ukatambaa.

Nazungumzia anayepiga kwa mkono wa kulia, ambaye bega lake la kushoto huelekea lengo. Anayetumia mkono wa kushoto ageuze kila ninaposema kulia na kushoto.

Tafuta mahali pa wazi, hatua tano kwa tano, nyuma ya nyumba au pembeni mwa uwanja wa shule. Kufagia ni lazima. Mti wa mathenge umeenea Garissa nzima, na mwiba wake, unaotoboa hata tairi, hauhurumii wayo. Fagia, kisha pitisha reki au tawi mara mbili, na usisahau kupindua mawe yaliyo kando, maana nge hupenda kivuli chake. Usivutwe na mchanga laini wa ukingo wa Tana. Mto ule una mamba na viboko, na hakuna zoezi la gofu linalostahili hatari hiyo. Makorongo makavu pia si mahali pa kuzoea nyakati za mvua, yaani Machi hadi Mei, halafu Oktoba hadi Desemba, kwa sababu maji huweza kushuka ghafla ilhali mvua imenyesha mbali.

Mchanga unaofaa ni ule uliolegea juu kwa kina cha sentimita mbili au tatu, na chini yake ardhi ngumu. Ukiwa mzito zaidi ya hapo miguu inazama, na somo linabadilika. Ukipata maji yaliyokwisha kufulia nguo, yanyunyize kidogo. Mchanga wenye unyevu hushika alama kwa usahihi: utaona kisigino, utaona upinde wa wayo, utaona kila kidole. Saa nzuri ni baada ya Alfajiri au baada ya Alasiri. Mchana wa Garissa joto hupanda hadi nyuzi 35 na zaidi, na mchanga huunguza. Mwezi wa Ramadhani, zoezi la polepole lisilo na mpira, muda mfupi kabla ya kufuturu, linatosha na halichoshi.

Kuhusu viatu, nashauri uanze peku ukiwa umehakikisha mahali ni safi. Sam Snead, bingwa wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1912 na kukulia milimani Virginia, alikuwa akipiga mipira peku kila alipohisi mwendo wake umeharibika, kwa sababu mtu asiye na viatu hawezi kujirusha ovyo bila kupepesuka. Baadaye vaa viatu vyenye soli bapa na ngumu kiasi. Viatu vya kukimbia vyenye kisigino kinene cha sponji vinakuinamisha mbele, na vinaficha mahali uzito ulipo. Kandambili usizitumie kabisa, kwani mguu wa kushoto ukigeuka kandambili hubaki, na kifundo cha mguu kikateguka.

Sasa chora mstari mchangani kwa mpini wa fimbo, ukielekeza kwenye kitu unachokiona mbali, mti au nguzo. Simama sambamba na mstari huo. Kwa fimbo namba 7, nafasi kati ya visigino ilingane na upana wa mabega. Kwa draiva panua kidogo, kwa fimbo fupi punguza. Ben Hogan, katika kitabu chake cha mwaka 1957 kinachosomwa hadi leo, alifundisha kwamba mguu wa kulia usimame kwa pembe mraba na mstari na ule wa kushoto ufunguliwe kuelekea lengo kwa robo ya pembe hiyo. Ni msingi mzuri. Hata hivyo mtu mzima mwenye nyonga ngumu afungue na mguu wa kulia kidogo, la sivyo ataulazimisha mgongo kufanya kazi ya nyonga.

Uzito uwe katikati ya wayo, pale kamba za viatu zinapofungwa. Njia ya kujipima ni kunyanyua vidole vyote kidogo, kuviteremsha, kisha kunyanyua visigino kidogo. Kama moja ya haya linakuyumbisha, hujasimama sawa. Magoti yalegee kidogo tu. Wengi hukunja magoti kama wanataka kuketi, halafu wanashangaa kwa nini hawawezi kugeuka.

Vuta fimbo nyuma polepole bila mpira. Mgandamizo uusikie ukihamia upande wa ndani wa wayo wa kulia na kurudi kuelekea kisigino. Neno la kushika hapa ni ndani. Ukiusikia ukivuka hadi ukingo wa nje, karibu na kidole kidogo, umekwisha kuyumba, na hutarudi kwa wakati. Goti la kushoto litasogea ndani lenyewe. Kabla mikono haijafika juu, kanyaga kwa mguu wa kushoto. Nasema kanyaga, maana wengi husogeza nyonga tu, wakateleza kando bila kusukuma kitu. Kisha acha mguu wa kushoto ujinyooshe ukisukuma ardhi, nyonga zifunguke, na kisigino cha kulia kiinuke kwa kuvutwa na nyonga. Malizia ukiwa umesimama juu ya mguu wa kushoto, uzito ukiwa kisiginoni na ukingo wa nje, kitovu kikitazama lengo, mguu wa kulia umebaki juu ya ncha za vidole. Tulia hapo hadi uhesabu tatu. Usipoweza kutulia, kuna jambo limeharibika kabla yake.

Sasa toka taratibu bila kuvuruga mchanga, chuchumaa, usome.

Wayo wa kulia ndio wenye habari nyingi zaidi. Alama nzuri ina kisigino kilichobonyea upande wa ndani, kisha mbele, chini ya kidole gumba, kishimo kidogo chenye kina kuliko pengine, na mchanga uliosukumwa nyuma kidogo, mbali na lengo. Hapo ndipo mguu uliposukuma kabla ya kuinuka. Ukikuta tuta la mchanga limejikusanya upande wa nje wa wayo, kule kwenye kidole kidogo, uliyumba wakati wa kuvuta nyuma. Ukikuta duara lililochimbwa chini ya vidole, na mchanga umerushwa mbele kule mpira ungekuwa, ulisokota mguu mapema: goti la kulia lilikimbilia mpira badala ya kuelekea goti la kushoto, mwili ukajibana, mikono ikakosa njia. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi kwa vijana wenye nguvu, na ndilo linalozaa mpira unaopinda kulia. Na ukikuta wayo wa kulia uko vilevile ulivyoukanyaga, bapa, umetulia, bila dalili ya kuinuka, basi uzito haukuondoka. Hilo ndilo kosa la watu wazima, hasa wanaojaribu kuunyanyua mpira kwa kuegemea nyuma.

Wayo wa kushoto husema machache, lakini nayo ni muhimu. Kisigino kibonyee kwa nguvu, na ukingo wa nje uwe na ukuta mdogo wa mchanga, ishara kwamba mguu ulipokea mzigo na kuuzuia. Vidole vikiwa vimechimba mbele kama vya mtu anayetaka kuanguka, ulikuwa unaufuata mpira kwa kifua. Ukiona nyayo mbili za kushoto moja juu ya nyingine, mguu uliteleza au ulipiga hatua, nawe hukuwa na nguzo ya kugeukia.

Fanya hivyo mara chache, lakini kila mara sawazisha mchanga upya. Anayerudia mara hamsini juu ya mchanga uleule uliovurugika hajifunzi lolote, kwani ameshafuta ushahidi wake mwenyewe. Bora mapigo kumi yaliyosomwa.

Watoto watakuja kutazama, hilo halina shaka. Watauliza, "Adeer," yaani ami, "mpira uko wapi?" Wape kazi ya kusoma. Mtoto wa miaka kumi akishaonyeshwa mara moja tofauti kati ya wayo uliosukuma na wayo uliosokota, atakuwa hakimu mkali kuliko kamera ya simu. Simu pia inafaa, ukiiweka chini usawa wa magoti ili ichukue miguu peke yake. Ikichukua mwili mzima jicho litaifuata mikono.

Kuna mjadala wa siku nyingi kuhusu kisigino cha kushoto: kiinuke wakati wa kuvuta fimbo nyuma au kibaki chini? Jack Nicklaus, aliyeshinda mashindano makuu 18, alikiacha kiinuke, na alianza pigo lake la kushuka kwa kukirudisha ardhini. Lakini watu husahau kwamba mwalimu wake, Jack Grout, alipomfundisha utotoni alimfanyisha mazoezi visigino vikiwa chini, ili vifundo vya miguu vijifunze kubiringika kabla ya kisigino kuruhusiwa kuinuka. Mimi nashauri mpangilio huohuo. Anza visigino vikiwa chini. Ukiona mwili unakataa kugeuka, hasa ukiwa umepita miaka hamsini au unatumia draiva, kiache kiinuke kwa kuvutwa na goti. Usikinyanyue kwa makusudi. Kisigino kinachonyanyuliwa kwa makusudi hurudi popote kinapotaka, na kikirudi mahali pengine mpira nao utakwenda pengine.

Usiige pia miguu ya bingwa bila kujua kwa nini inafanya inavyofanya. Scottie Scheffler, aliyeshinda Masters mwaka 2022 na 2024 na dhahabu ya Olimpiki Paris mwaka huohuo wa 2024, mguu wake wa kulia huteleza kurudi nyuma ya ule wa kushoto anapopiga. Vijana wanaliona kwenye runinga wakaanza kuburuta mguu. Kwake yeye mtelezo ni matokeo ya nyonga zilizogeuka kwa kasi huku mwili ukijipa nafasi, na unatokea uzito ukiwa tayari umehamia kushoto. Wewe ukiuburuta uzito ukiwa bado nyuma, umejivuta kinyume na pigo lako mwenyewe.

Kuna mazoezi mawili yanayonifaa kuliko mengine, na ndiyo ninayoyapendekeza. La kwanza: simama visigino vimegusana, vuta fimbo nyuma, na fimbo ikiwa bado inapanda, piga hatua ndogo ya mguu wa kushoto kuelekea lengo, kisha acha pigo lishuke. Hatua hiyo inakulazimisha kuwahi. Hutaweza kushusha fimbo kwa mabega kabla mguu haujatua, na ukijaribu utapepesuka. Mwanzoni litaonekana jambo la ajabu, fimbo inaelekea nyuma na mguu unaelekea mbele. Baada ya siku kadhaa mwili utalielewa, na ukisimama kawaida utaisikia hatua hiyo ndani ya miguu hata kama hukuipiga.

La pili ni la Gary Player wa Afrika Kusini. Alipomaliza kupiga, mara nyingi mguu wake wa kulia ulivuka na kupiga hatua mbele, kama mtu anayeanza safari kuufuata mpira. Piga, kisha tembea hatua mbili kuelekea lengo bila kusita. Anayebaki na uzito nyuma hawezi kutembea, ataanguka au atajizuia. Kwa mzee anayeogopa goti lake, zoezi hili lina faida nyingine: mwili wote unafuata, kwa hiyo goti la kushoto halibaki peke yake likizuia msokoto.

Goti hilo lihurumiwe. Tiger Woods alishinda U.S. Open ya mwaka 2008 akiwa na goti la kushoto lililoumia na nyufa kwenye mfupa wa mguu huohuo, kisha akafanyiwa upasuaji. Kwa miaka mingi alikuwa akilinyoosha goti hilo kwa kishindo wakati wa kupiga. Sisi tusio na miaka ishirini tena tufungue mguu wa kushoto zaidi, tuache kisigino kigeuke kidogo baada ya mpira kuondoka, na tusikubali maumivu ya goti kuwa sehemu ya mchezo. Goti likivimba, pumzika, na umwone daktari.

Kwa wanawake na wasichana, ambao wengi wao hupenda kufanyia mazoezi ndani ya ua, tatizo ni upana wa vazi. Dera au dirac inayofunga magoti huzuia hatua ya kushoto, na hapo nyonga hufidia kwa kuyumba. Suruali pana na shati refu linalofika magotini, na mtandio uliobanwa vizuri, vinatosha kuacha magoti huru bila kuvunja heshima ya mavazi. Kabla ya kupiga, piga hatua moja ndefu mbele. Vazi likikuvuta, miguu yako haiko huru.

Mapigo mafupi nitayataja kwa ufupi, maana humo miguu haina kazi kubwa. Ukiwa karibu na shimo, leta miguu karibu, weka uzito zaidi kushoto, na uache hapohapo hadi mwisho. Unapousukuma mpira uingie shimoni, miguu isitikisike hata kidogo. Nyayo zako mchangani baada ya pigo la namna hiyo zinapaswa kuwa safi kama ulivyozikanyaga.

Jambo moja ambalo mtu wa Garissa anaweza kulijua kuliko wenyeji wa Nairobi ni bunka. Wachezaji wengi wa viwanja vya nyasi huogopa shimo la mchanga kwa sababu hawajui miguu ifanye nini. Kanuni ya 12 ya gofu inakataza kuupima mchanga kwa mkono au fimbo, na inakataza fimbo kugusa mchanga mbele au nyuma ya mpira kabla ya kupiga. Lakini inaruhusu kuzamisha miguu ili usimame imara. Hiyo ndiyo nafasi yako. Pindisha nyayo kulia na kushoto hadi zikae, na wakati huo nyayo zitakueleza kama mchanga ni mzito au mwepesi, umelowa au mkavu, ardhi ngumu iko karibu au mbali. Ukizama sentimita mbili, mwili wako umeshuka sentimita mbili, kwa hiyo shika fimbo chini kidogo kwa kiasi hicho. Weka uzito kushoto, fungua mkao kidogo, tuliza magoti, kisha ingiza fimbo mchangani kama sentimita tano nyuma ya mpira na uipitishe hadi mwisho. Humu usisukume ardhi kwa nguvu kama unavyofanya na draiva. Mchanga utahama, nawe utahama nao. Hapa korongo kavu lenye mchanga mzito, wakati wa kiangazi, linafaa kwa zoezi.

Ukishafika Thika au Nairobi, jipe muda wa kuizoea ardhi mpya. Nyasi za kikuyu zinazotawala viwanja vingi vya nyanda za juu hushika kiatu, na mguu uliozoea kuteleza kidogo mchangani unaweza kukwama, goti likabeba msokoto. Piga mapigo ya polepole bila mpira, ukihakikisha kisigino cha kulia kinainuka bila kung'ang'ania. Usishangae pia mpira ukienda mbali kuliko ulivyotarajia. Garissa iko karibu mita 150 juu ya usawa wa bahari, Nairobi iko juu ya mita 1,600, na hewa nyepesi haiuzuii mpira sana. Usianze na draiva. Anza na fimbo namba 7, mapigo machache, na baada ya kila pigo tulia juu ya mguu wa kushoto kama ulivyofanya nyumbani.

Ukibahatika kuwa Nairobi mwanzoni mwa mwaka wakati wa Kenya Open, ambayo tangu 2019 imo katika ziara kuu ya Ulaya, nenda eneo la mazoezi kabla hujaenda kuwafuata wachezaji kwenye mashimo. Simama pembeni, mchague mchezaji mmoja, tazama viatu vyake tu kwa dakika kumi. Ona kisigino cha kulia kinainuka lini. Ona jinsi wawili wenye miili tofauti wanavyofika mahali pamoja kwa njia tofauti, na bado wote wawili wanamaliza wamesimama juu ya mguu wa kushoto.

Nina ombi kwa wachezaji wa Nairobi, Thika na Mombasa wanaosoma haya. Karibu kila mmoja wenu ana fimbo ya zamani ya namba 7 imelala stoo. Shule za Garissa, Wajir na Mandera zina mchanga wa kutosha na watoto wenye macho ya kusoma nyayo. Kifaa kinachokosekana ni hicho kimoja. Ukiwa na ndugu, rafiki au mwalimu unayemjua anayerudi huko kwa basi, mpe fimbo hiyo akamkabidhi mwalimu wa michezo, na umweleze aanze na miguu.